Kitabu Tulichomsomea Baba

Kitabu kile kilinuka iliki. Meneja mpya wa baba, Bi. Harshida, alikuwa amekihifadhi kwenye droo moja na majani yake ya chai, na baba alipokitoa mkobani, sebule yetu pale mtaa wa Woodley, Nairobi, ikanukia kama mkahawa. Nilikuwa darasa la sita. Hadi siku hiyo vitabu vya nyumbani kwetu vilikuwa vya shule, Biblia na cha nyimbo, basi. Hiki kilikuwa kinene, cha Kiingereza, cha kufundisha watu uongozi kazini, na juu ya jalada alisimama mzungu aliyekunja mikono kana kwamba tunamchelewesha. Baba alikuwa karani wa madai katika kampuni ya bima mjini. Cheo cha mkuu wa kitengo kilikuwa kimempita zaidi ya mara moja, kikaenda kwa watu aliowafundisha kazi yeye mwenyewe. Sasa kilikuwa wazi tena, na waliofikiriwa ni yeye na mwenzake aitwaye Otieno. Bi. Harshida alikuwa na utaratibu wake: kila Ijumaa, wakati wa chai ya saa nne, mfanyakazi mmoja alisimama akawaeleza wenzake kwa ufupi kitabu alichosoma. Angewapima hivyo. Mama alikuwa ameshawaomba akina mama wa kanisa waliombee jambo hilo, kwa hiyo kushindwa kungekuwa aibu ya parokia nzima.

Tatizo ni kwamba baba na vitabu hawakuivana. Angeweza kusikiliza redio mpaka matangazo yakaisha bila hata kupiga miayo, lakini akifungua kitabu, ukurasa wa pili haukuwahi kumkuta macho. Alijaribu kitandani, akajaribu kochini, akajaribu mezani, na kote tulimkuta kidevu kimelala kifuani na mzungu wetu ameanguka sakafuni. Mama ndiye aliyekuja na dawa. Tungekigawana kama nyama ya mbuzi wa sherehe, kila mtu na fungu lake, kisha wakati wa chakula cha jioni kila mmoja amweleze baba alichosoma. Baba alipewa utangulizi, kwa kuwa ulikuwa mfupi. Mimi, Wanja, nikapewa sura ya kupanga muda, kaka yangu Kariuki sura ya ushindani, na mama, aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, akajitwalia sura zote za kuongoza watu. Baba alitafuna sukuma wiki akitikisa kichwa kwa kuridhika. Sikuwahi kumwona mtu akielimika kwa raha namna ile.

Ijumaa ilipofika alivaa tai ya harusi. Jioni alirudi, akavua viatu, akatutazama mmoja mmoja. Kumbe alikuwa ameanza vizuri. Kisha akawaeleza wenzake kwamba, kwa mujibu wa mwandishi, mpinzani wako akikuzidi nguvu mvute jezi refa akiangalia kwingine. Hiyo ilikuwa ya Kariuki. Akaongeza kwamba kiongozi anayefunga mkutano kabla ya kujua nani hajapata sahani ya githeri hafai kuongoza hata kuku. Hapo Bi. Harshida, ambaye alikuwa amekisoma kitabu kile zaidi ya mara moja, aliweka kikombe chini.

“Kamau,” akamuuliza, “hii githeri iko peji gani?”

Baba alipekua, akapekua tena, jasho likimtoka. “Hapo, madam, naona ni kama Mama Wanja ameongezea kidogo.”

Ofisi nzima ilicheka. Bi. Harshida naye alicheka, lakini akamwachia kitabu. “Next Friday uje umesoma wewe. Si familia.”

“Lakini ya githeri ni kweli,” mama alisema tulipomaliza kusikiliza.

Wiki iliyofuata baba alisoma akiwa amesimama jikoni, kwa sauti, maana mama aligundua kwamba binadamu hawezi kusinzia huku akipiga kelele. Kazi yangu ilikuwa kumsimamisha kila ukurasa ukiisha na kumuuliza, “Kwa hivyo anasema nini?” Mwanzoni alinikodolea macho tu, akarudia ukurasa wote. Baadaye akawa anajibu. Kisha, bila mtu kumtuma, akaanza kugombana na mwandishi. “Huyu hajawahi kufanya kazi na watu wa Nairobi!” alifoka akilipiga jalada. “Eti mwambie mkubwa wako ukweli Jumatatu asubuhi. Jumatatu?” Mimi na Kariuki tuliacha televisheni tukaja kukaa mlangoni. Nilimpenda sana baba yangu wiki ile.

Ijumaa ya pili hakupata cheo. Otieno, aliyepewa nafasi siku hiyo hiyo, alieleza kitabu chake kwa sentensi tatu safi, akaketi. Baba alianza sura ya kwanza, akambishia mwandishi, wenzake wakambishia yeye, na simu za wateja zililia bila kupokelewa mpaka Bi. Harshida akawatawanya. “Hata sura ya sita sikuifikia,” baba alilalamika, na ilitubidi tungoje kidogo kuelewa kwamba lililomuuma zaidi ni hilo. Mama alicheka hadi akashika meza. Mimi nilitoka nje nikalia, kwa sababu nilijua ni nani kati yake na Otieno aliyekuwa amesoma kweli.

Sasa mimi ndiye ninayefanya kazi ya ofisi, kule Westlands, na simu yangu hunisimulia muhtasari wa kitabu kizima kwa muda wa kuvuka kutoka maegesho hadi lifti. Mwezi uliopita, kwenye usaili wa kupandishwa cheo, niliwatajia vitabu saba na kiini cha kila kimoja, wakavutiwa, wakanipa. Nilimpigia baba, ambaye amestaafu na bado anaishi Woodley. Alishangilia, akamwita mama aje asikie, kisha akataka nimweleze kimojawapo. Nikamweleza kwa ufasaha, bila kusita.

“Sawa, huyo ameongea,” alisema. “Na wewe ulimjibu nini?”

Nilimwambia mtandao unasumbua, nikakata simu.