Vifungo Saba

Kila asubuhi, kabla ya chai, kinyozi mstaafu huweka mikono yake mezani na kuipa kazi. Hukunja ngumi, hukunjua vidole hadi vikakamae, kisha hugusisha kidole gumba na kila kidole huku akihesabu kwa sauti. Hukamua sponji, halafu huhamisha maharage moja moja kutoka bakuli hadi bakuli. Haragwe likimponyoka, hulikaripia kama mteja asiyetulia: “Tulia, nisikukate!” Tangu ugonjwa wa Parkinson uanze kumtetemesha, mkaza mwanawe hajamwona akikosa hata siku moja.

Siku ya harusi ya bintiye wa mwisho, gari lilipiga honi nje naye bado anafunga shati. Mkaza mwana alisimama mlangoni, mikono ikimwasha.

“Baba, nikufungie?”

“Haba na haba, mwanangu. Wangoje.”

Alipomaliza kifungo cha saba alijitazama kiooni. Shati lilikaa mshazari, upande mmoja juu, mwingine chini. Alikosea tangu kifungo cha kwanza. Mkaza mwana akafumba macho. Mzee akaangua kicheko, akavifungua vyote, akaanza upya.

Mkaza mwana akatoka nje, akamwambia dereva azime gari.