Mama Vifaranga na Mayai Tisa Asiyoyagusa

Saa kumi na mbili asubuhi, Mama Vifaranga anageuza mayai. Yako mia tatu ndani ya mashine yake ya kutotolea kuku, na anayapitia moja moja, upande aliouchora msalaba uende chini, wenye duara uje juu. Vidole vinakwenda vyenyewe, mdomo uko kwenye habari nyingine kabisa.

Kwenye rafu ya pembeni kuna boksi la mchanga mbichi, na mayai tisa meupe yamefukiwa nusu. Hapo anasimama mbali.

"Haya siyagusi," ananiambia mimi mgeni wake. "Mwaka jana niliyagusa nikaua sita."

Ni mayai ya kobe wa majini, wale wa mito na madimbwi. Wawili wanaishi kwenye hodhi la saruji uani. Mumewe, fundi bomba, aliwakuta miaka minane iliyopita ndani ya tangi kuukuu alilokuwa akilisafisha, akawaleta nyumbani kwenye ndoo ya spana. Dume ni Mkaguzi, maana humtolea shingo kila mgeni kumkagua. Jike ni Bibi Harusi. Hana haraka na mtu.

Wengine jioni hutazama televisheni. Hawa hutazama hodhi. Binti yao wa miaka kumi na miwili yuko kwenye daftari la tatu: nani kaota jua kwanza, nani kamnyang'anya mwenzake mnyoo.

"Baba anadai Mkaguzi anamjua kwa sauti," anasema binti. "Nimepima mara kumi na nne. Anachojua ni ndoo ya chakula."

Baba mtu anacheka, lakini hakubali.

Mwaka jana Bibi Harusi alichimba shimo kwa miguu ya nyuma, akataga mayai sita. Nyumba nzima ilifurahi. Mama Vifaranga, mwenye miaka kumi na tisa katika kazi ya kuku, akayafanyia alichokijua: kuyageuza asubuhi na jioni, bila kukosa hata siku moja.

Hakuna lililoanguliwa. Daktari wa mifugo ndiye aliyemfungua macho. Yai la kuku huharibika lisipogeuzwa. La kobe huharibika likigeuzwa.

"Ningekuwa mvivu tu, wangeishi," anasema, na machozi yanamlengalenga. "Wiki nzima niliona aibu kumpelekea mama yao chakula."

Safari hii binti aliyawekea haya tisa nukta ya penseli upande wa juu, na yamelala hivyo kwa siku sabini na mbili. Baba naye kapiga marufuku mkewe kubaki peke yake na boksi. Anatania, ila si sana.

Tukiwa bado tunaongea, binti anaita. Yai moja lina ufa, na ndani ya ufa kuna pua ndogo.

Mama Vifaranga kafika kabla yetu, ukucha wa kidole gumba tayari, kama anavyowasaidia vifaranga dhaifu kila wiki.

"Mama, mwache," anasema binti. "Bado ana kiini cha yai tumboni. Anaweza kukaa humo hata siku mbili. Ukimvuta, utampasua."

Mkono unabaki hewani kidogo. Kisha anavuta kigoda, anaketi, anaikalia mikono yake yote miwili.

Namuuliza mipango yake ni ipi.

"Mipango gani tena? Namngoja," anasema, macho kwenye ufa. "Hata akitoka kesho kutwa, atanikuta hapa."