Futi Iliyompima Baba Yake

Nimekuwa fundi wa mbao hapa Isiolo miaka mingi, na sioni aibu kusema kwamba majeneza ndiyo yaliyosomesha watoto wangu. Kwa hiyo yule karani mpya alipoingia karakana kwa kiti chake cha magurudumu, akitaka meza ya ofisi, nilifurahi sana kupata kazi isiyo ya msiba. Meza zote za ofisini zilimgonga magoti. Mkubwa wake alikuwa amemwambia wazi: ikifika Jumatatu hana pa kuandikia, kazi atapewa mwingine.

Nikachomoa futi, ule utepe wa chuma usiotoka mfukoni mwangu, nikainama kumpima.

"Fundi, rudisha hiyo," akasema. "Si ndiyo uliyompimia baba yangu?"

Ndiyo hiyo. Huku kwetu hakuna aliye hai anayekubali kupimwa na fundi wa majeneza, na mimi mwenyewe, pamoja na ubishi wangu wote, sijawahi kujipima nayo hata kiuno. Nikarudisha. Nilienda zahanati, nikapima kiti cha magurudumu kilichokuwa mlangoni, nikajiambia kiti ni kiti.

Nilitumia mbao za saiprasi, miguu pembeni kabisa, droo moja nyembamba katikati. Kila nilipopiga randa nilimwona amerudi kukaa nyumbani kwa sababu yangu. Niliogopa. Chakula kilinishinda. Mke wangu aliuliza kama naumwa, nikasingizia vumbi.

Jumatatu asubuhi niliifikisha ofisini kwa mkokoteni. Mkubwa alisimama mlangoni, mikono nyuma. Karani akasukuma magurudumu, akaingia chini ya meza. Ko! Magoti yakagonga droo. Ndipo nikauona mto wa sponji aliokalia, mnene kama mkate. Kiti cha zahanati hakikuwa na mto.



"Ukitoa hiyo droo, atatoshea?" mkubwa akauliza.

"Sijui," nikasema, maana kweli sikujua. Nilitengeneza meza ya mtu bila kumpima mtu. Mkubwa akatazama saa yake.

"Fundi," karani akasema polepole, "lete futi."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akanyoosha mkono, akashika ncha ya utepe, akaibana juu ya goti lake. Nikapiga magoti nikauvuta hadi sakafuni. Mikono ilinitetemeka mpaka chuma kikawa kinalia.

"Mbona watetemeka? Mimi ndiye napimwa." Midomo yake pia ilikuwa imekauka. "Ama hujazoea mtu akushikie upande huu mwingine?"

Sikuwa nimezoea. Miaka yote hiyo niliishika peke yangu, ncha zote mbili.

"Soma basi. Kwa sauti, mkubwa asikie."

"Inchi ishirini na sita na nusu. Droo ikitoka, anatoshea."

Hakuachilia ncha mpaka niliposema mara ya pili.