Ndafu Ndani, Mbwa Nje

Ukumbi ule wa karibu na Kwa Mrombo umejengwa kwa matofali yangu. Niliyachoma mwenyewe Nduruma, sina hata viatu, na darasa la nne ndilo lililonitosha. Kwa hiyo nikisema ukumbi ule unanitia kinyaa, nasema ninachokijua.

Binti yangu, kitindamimba, haoni tangu utotoni. Alisoma ng'ambo, akarudi na mbwa mkubwa wa rangi ya asali, aliyefundishwa kumwongoza. Mbwa huvaa mkanda wenye mshikio. Binti anaushika, wanakwenda. Huku kwetu mbwa tunamjua mmoja tu, yule wa kufungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku awararue wezi. Sawa. Lakini huyu kazi yake ni nyingine, na mwenye akili huambiwa mara moja.

Ilikuwa siku ya sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa. Desturi ni kwamba bi harusi anatembea mbele ya wageni wote hadi walipo wakwe, anawaamkia, ndipo ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, inakatwa. Alikuwa ameniomba neno moja tu: "Baba, sitaki kukokotwa. Mama mkwe anione nikija mwenyewe."

Mlangoni msimamizi wa ukumbi, bwana mmoja wa suti ya kumetameta, akatuzuia.

"Shikamoo, mzee. Mbwa haingii."

"Marahaba. Na bi harusi ataingiaje?"

"Si umshike mkono? Mbwa tutamfunga kule kwa mlinzi."

Binti akasema taratibu, "Kaka, nina haki ya kuingia naye. Ninyi mnaingia na macho yenu."

"Dada, hayo ya Ulaya waachie Wazungu. Humu kuna chakula. Halafu tuna wageni Waislamu, lazima tuwaheshimu."

Nyuma yetu alisimama rafiki yangu wa Levolosi, muuza vitambaa, kanzu mpya mwilini. Akamjia juu.

"Wewe! Nimekutuma? Mate ya mbwa yasiguse kanzu yangu, basi, nitakaa upande wa pili. Usinifanye mimi kisingizio cha roho yako mbaya."

Yule bwana hata haya hakuona. "Ataivamia ndafu, wazee wangu."

Nikachungulia ndani. Mbuzi mzima yuko mezani, majani mdomoni, sikio moja halipo. Wajumbe wawili wa kamati wanatafuna, vidole wanafutia kitambaa cha meza. Mbwa ametulia miguuni pa binti yangu, hata pua hakuinua.

Binti akainama, akaanza kufungua mkanda. "Basi, baba. Nishike tu."

"Acha hivyo hivyo," nikamwambia.

Baba wa binti asipoingia, hakuna kinachoanza. Sikuingia. Nikamtuma rafiki yangu awaambie wakwe kwamba bi harusi yuko uani.

Wakatoka wote, wakasimama ng'ambo ya magari. Katikati palikuwa na mtaro usio na mfuniko. Dada yangu alikuwa ameshatumbukiza mguu mmoja, na yeye anaona vizuri.

"Huku, mwanangu!" mama mkwe akaita.

Binti akashika mshikio, wakaondoka. Mtaroni mbwa akasimama. Binti akapapasa ukingo kwa ncha ya kiatu, akamwambia neno, wakazunguka wakavukia kwenye ubao. Wanawake walisahau hata vigelegele. Alipofika akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mama mkwe akamtazama mbwa. "Na huyu mwenzio anakula nini? Nijue cha kupika."

Hapo vigelegele vikapasuka.

Ndafu niliamuru iletwe nje, tukaikatia uani, na lile sikio lake moja. Nyama ilipoanza kugawiwa nikamwona yule bwana wa suti anakuja anatabasamu, sahani mkononi, kana kwamba yeye ndiye aliyepanga yote.

"Humu kuna chakula," nikamwambia. "Nenda kakae kule kwa mlinzi."