Mama Yangu Anapigwa Mawe Ndani ya Gemu ya Mume Wangu

Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni mama wa miaka hamsini na nne, naishi Kisumu na mume wangu, watoto wetu wako na familia zao. Nimesoma visa vya wenzangu hapa nikijua changu nitaenda nacho kaburini, lakini juzijuzi kitu kimetokea na nimeshindwa kunyamaza.

Mama yangu aliuza samaki sokoni miaka yote ya themanini hadi katikati ya tisini. Alitoka Sondu, kwa hivyo aliitwa Nyar Sondu, binti wa Sondu, si unajua kwetu mwanamke anaitwa kwa jina la kwao. Mguu wa kushoto uliharibika akiwa mtoto, akawa anachechemea. Huyo mwanamke wa kuchechemea, karai kichwani, ndiye alitusomesha sote. Na mdomo alikuwa nao, wacha tu. Ukimchokoza angekutukana mpaka usahau ulikuwa unaenda wapi.

Nilipoolewa, mwanzo wa miaka ya tisini, mume wangu alikuwa fundi wa kompyuta, na hao walikuwa wachache sana mjini. Mimi nilijua kuchora. Tukakodi chumba nyuma ya duka la vitambaa, tukabandika kibao mlangoni, tukajiita studio. Watu walitucheka. Wazo letu la kwanza lilikuwa langu: gemu ya mwanamke anayetoa samaki ufuoni na lazima afike sokoni kabla hawajaharibika, akihepa askari wa kanjo wanaofukuza wachuuzi, matope na mbwa. Huyo mwanamke ni mama. Nilienda kwake Nyamasaria nikamtembeza uwanjani jioni nzima, hebu rudi tena mama, nichore vile mguu unaburuta na vile bega linashuka. Alifurahi sana, hata akavaa kitambaa kipya cha kichwa.

Tukapeleka Nairobi, kwa kampuni moja iliyouza gemu za kompyuta. Bosi akaangalia kidogo tu akasema hapana, hakuna mtoto anataka kuwa muuza samaki. Nikaanza kukusanya karatasi zangu. Hapo ndio akamgeukia mume wangu, akamuuliza kama si yeye aliyetengeneza ile ya zamani, ya mama kiwete. Vijana wake waliicheza mpaka kaseti ikakatika.

"Hiyo ndio mnitengenezee upya," akasema. "Iwe na rangi. Na huyu mama mmemchora vizuri, mtumie huyu huyu."

Nikauliza gemu gani. Mume wangu akaniharakisha tutoke.

Aliniambia tukifika nyumbani. Akiwa kijana wa shule huko Maseno, kulikuwa na mwalimu wa kigeni mwenye kompyuta ya kuchomeka kwa televisheni, zile ambazo gemu zake zilikaa kwa kaseti. Akatengeneza gemu ya wavulana wanaompiga mawe mwanamke sokoni, vile yeye na wenzake walivyokuwa wakimfanyia muuza samaki mmoja kiwete. Ukimpata mguuni, pointi. Karai ikianguka, pointi zaidi. Jina la gemu, Nyar Sondu. Kaseti zikanakiliwa zikaenda mkono kwa mkono hadi Nairobi. Siku alipokuja kwetu kuposa ndio alimtambua mama, akanyamaza. Nilimsamehe, kwa sababu aliitengeneza akiwa mtoto. Lakini nikamwambia hiyo kazi hatufanyi, akakubali.

Alikubali kwa mdomo tu. Nilipoenda kujifungua kifungua mimba, alichukua michoro yangu, mama akitembea na kitambaa chake kipya, akaitia kwenye gemu ya mawe. Nilipotoka hospitali na mtoto mikononi, kazi ilikuwa imeshapelekwa. Haukupita muda ikawa iko kwa kila chumba cha gemu Kisumu. Nyumba ninayolala ilijengwa na hiyo gemu.

Mama hakuwa amewahi kuona kompyuta. Yeye aliona watoto. Siku moja nilimpelekea uji nikamkuta anajifunga kidonda gotini. Akaniuliza kwa upole, na mama yangu si mtu wa upole.

"Nyathina, mwanangu, mawe nimerushiwa tangu zamani. Lakini hawa wa siku hizi, kwa nini wakinipata wanahesabu?"

Nilimwambia sijui. Mwaka huo huo akaacha soko.

Sasa, kwetu mkwe hukaa mbali na mama mkwe. Hamwangalii machoni, hali naye. Mume wangu alishika hiyo mila kuliko wazee wenyewe. Watu wa kanisa walimsifu, mama alimsifu, eti nimepata bwana mwenye adabu. Mimi peke yangu nilijua ni kwa nini hawezi kumwangalia.

Gemu inarudi tena, safari hii ya simu. Juzijuzi nimeenda Nyamasaria nikamkuta mume wangu ameketi kando ya mama, mara ya kwanza miaka yote hii, amemletea sukari na mkate, na simu ameishika karibu na mdomo wa mama, anarekodi. Mama siku hizi haoni vizuri. Mume wangu alikuwa anamwomba apige kelele na kutukana vile alivyokuwa akifanya watoto wakimrushia mawe. Amemdanganya ni kumbukumbu ya wajukuu. Mama anapiga kelele, anacheka, anapiga tena. Nilimvuta mume wangu nje, nikamuuliza anafanya nini. Yeye akaniuliza mimi:

"Si amefurahi? Wewe umewahi kumfurahisha hivi?"

Tangu hapo mama ananipigia simu kila asubuhi kuuliza mkwe wake atarudi lini, kwa sababu amekumbuka matusi mengine matamu. Ameniambia sasa hata akifa ni sawa, mkwe wake amemkaribia.

Nikimwambia ukweli, nitamuua nao. Nikinyamaza, watampiga mawe akilia kwa sauti yake mwenyewe, hata tukishamzika. Ninyi wenye mama, niambieni. Kesho asubuhi akipiga simu, nimjibu nini?