Nilivyommaliza Bingwa wa Baiskeli kwa Neno Moja

Kosa ni langu. Nalisema mapema usije ukasoma hadi katikati ukaanza kunionea huruma. Mke wangu nimemsimulia mpaka juzi akaniambia, "Kawaandikie watu wa gazeti, baba, mimi umenichosha." Basi nimeandika.

Nilimaliza kazi ya bingwa wa mbio za baiskeli. Sikumpiga, sikumroga. Nilitumia mdomo wangu huu huu ninaolia nao.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa kijana nimetoka Mombasa, nakaa Adelphi, Marekani, kando ya Washington, fleti za karibu na University Boulevard, zile ambazo ukipanda ngazi unajua kila jirani amepika nini. Nilikuwa fundi baiskeli katika duka la Mmarekani mmoja, mkaaji wa Bowie, mji wa jirani. Sisi tulimwita Bosi. Sasa Bowie kwenyewe bila gari hufiki hata dukani kununua mkate, naye mtu wa huko kaamua kuuza baiskeli. Sikumuuliza. Nilitaka kazi.

Siku moja Bosi akaingia na Mfaransa. Nitamwita Lusiani, silo jina lake. Mtu mfupi, mpole, mapaja kila moja kama gunia la mchele. Nikadhani mnyanyua vyuma. Kumbe alikuwa bingwa wa nchi yake mara tatu, zile mbio fupi za uwanjani. Alianza kwa kupeleka mikate ya baba mkwe wake nyumba kwa nyumba kwa baiskeli, akaonekana, akachukuliwa, akashinda huku na huko. Halafu akaanguka, akavunja mfupa wa bega, na kwao wakaanza kumwita mzee. Alikuwa na miaka thelathini na tatu.

Bosi alimleta kwa sababu moja. Kulikuwa na mashindano yanakuja, katika ukumbi wa nusu saa hivi kutoka kwetu. Lusiani akishinda, Bosi angempa mkataba wa miaka miwili, akimbie kwa jina la duka na afundishe vijana. Angemleta mkewe na binti yake. Asiposhinda, arudi kwao kwenye mikate. Lusiani mwenyewe aliniambia hivyo siku ya kwanza, kwa Kiingereza kibovu kuliko changu, na ndiyo maana tulielewana.

Wiki sita nilikuwa naye. Nilimtengenezea baiskeli, ile isiyo na breki wala gia, ukiacha kukanyaga pedali zinaendelea kukuzungusha miguu. Jioni mke wangu anampa pilau, anakula kijiko kimoja kimoja kama dawa, kwa ajili ya mapaja yake. Asubuhi tunakwenda Greenbelt, kwenye barabara tulivu kando ya msitu.

Kazi yangu huko ilikuwa ndogo. Yeye anaendesha polepole mbele, mimi nyuma na baiskeli yangu ya kikapu. Wakati wowote nitakao, bila kumwonya, napiga kelele. Akisikia tu, anachomoka. Alitaka mguu ujifunze kutii kabla kichwa hakijafikiri. Alinipa neno la Kifaransa nikashindwa kulitamka bila kucheka. Nikamwambia, mimi nitasema langu.

"Lipi?"

"Haya."

Akalijaribu mdomoni, akalipenda. Basi kila asubuhi ni "Haya!" naye anaruka, huyo, mimi nabaki nimemeza vumbi lake. Mwisho wa wiki ya sita hata tukiwa dukani nikimwambia mteja "haya, karibu tena", namwona Lusiani goti linamcheza. Tulicheka sana. Laiti ningejua.

Alinieleza pia siri ya mbio zenyewe. Wanakimbia wawili tu. Wa mbele anakata upepo na hamwoni mwenzake, wa nyuma anajificha mgongoni pake halafu anampita mwishoni. Kwa hiyo hakuna anayetaka kutangulia. Wanakwenda pole, wanatazamana, wakati mwingine wanasimama tuli juu ya baiskeli, wa kwanza kuchoka ndiye aliyepoteza. Nikamwambia hiyo naijua. Kwetu wazee wawili wakikutana mlangoni, "tangulia wewe", "la, wallahi, tangulia wewe", mpaka chai inapoa ndani. Akasema basi wazee wenu wangefaa.

Naomba ukumbuke hapo. Nilijua. Nilielezwa, nikaelewa, nikatia na mfano.

Sasa sifa zangu. Adelphi nzima nilikuwa nimeitangazia kwamba mimi ndimi mwalimu wa bingwa wa Ufaransa. Neno fundi nilisahau kulitaja. Siku ya mashindano wakanifuata Dula, Mzanzibari tuliyekuwa naye jengo moja, na Kimani, jamaa wa Nyeri aliyekuwa akihudumia wazee katika nyumba za kulelea. Tukakaa chini kabisa, karibu na njia ya mbao. Ule uwanja ulikuwa umeinuka kingo kama karai, unajiuliza watu hawamwagikii katikati vipi.

Lusiani akapita wote hadi fainali. Fainali ni mbio tatu, anayeshinda mbili ndiye bingwa. Ya kwanza akachukua yeye. Ya pili akachukua mpinzani wake, kijana wa Kimarekani, miaka ishirini na kidogo. Ikabaki moja.

Wakaanza pole, kama watu wanaotafuta pa kuegesha. Walipofika upande wetu, mzunguko mmoja na nusu umebaki, Lusiani yuko mbele, akasimama. Kijana naye akasimama. Tuli. Miguu inatetemeka, magurudumu hayaendi. Ukumbi mzima kimya.

Nilimwona kijana jasho linamtiririka, mkono umeanza kumcheza. Alikuwa amebakisha kidogo sana ashindwe kusimama, apite mbele.

Kimani akaniinamia. "Wee, si ulituambia huyu ni bingwa? Mbona ameganda?"

"Ndiyo mbio zenyewe," nikasema.

Dula akacheka kwa pua. "Yakhe, mwalimu, mwanafunzi wako kaogopa. Mwambie basi aende."

Wenzangu, mtu ana sekunde ngapi za kuamua kunyamaza? Mimi nilipewa zaidi ya nyingi. Lakini watu wawili wananicheka, na nimejisifu wiki sita, na damu imenipanda kichwani. Nikasimama.

"Haya!"

Lusiani akaruka. Kama vile Greenbelt, bila kufikiri, kichwa chini, huyo. Kijana akashukuru Mungu wake, akaingia mgongoni pake, akajificha huko mzunguko mzima akipumzika. Mita za mwisho akatoka na kumpita. Walitengana upana wa tairi.

Nilikaa chini. Kimani akaniambia pole. Dula hakucheka tena. Akasema polepole, "Ndiwe uliyemwita." Nikamwambia anyamaze.

Nilimkuta Lusiani kwenye chumba cha wachezaji, taulo kichwani. Bosi amesimama pembeni, mikono mifukoni, uso hauna kitu.

"Miguu imekwenda bila kuniuliza," Lusiani akasema. "Nilikuwa nimempata yule mtoto. Nilikuwa nimempata, nikaenda. Sijui kwa nini."

"Hukusikia kitu?" nikamuuliza.

"Uwanjani sisikii mtu. Ni mimi. Mtu ambaye mwili wake haumtii tena, amekwisha."

Hapo ndipo penyewe. Mlango ulikuwa wazi. Ningesema, "Ni mimi niliyekuita," Bosi angesikia, pengine angempa nafasi nyingine, pengine angenifukuza mimi. Nilimtazama Bosi, nikakumbuka kodi na mke wangu mja mzito. Nikamshika Lusiani bega, lile lililovunjika, nikamwambia, "Pole, ndugu yangu. Umejitahidi."

Mkataba haukuwepo. Siku ya kuondoka akaja kutuaga, akanipa jezi yake ya ubingwa, yenye rangi tatu za nchi yao. "Wewe tu hukuniharibia kitu hapa," akasema. Mke wangu akalia kwa kuagwa. Mimi nililia kwa sababu yangu.

Hakukimbia tena. Alirudi kwenye mikate ya mkwewe. Kila Januari alinitumia kadi, na chini, badala ya jina lake, aliandika neno moja: Haya. Miaka kumi na minane nililipokea neno lile kwa posta.

Mwaka jana nikampigia simu. Nilimwambia yote, Dula, Kimani, kicheko, kila kitu.

Akauliza, "Kwa hiyo miguu ilikuwa mizima?"

"Ilikuwa mizima."

"Nilikuwa na miaka thelathini na tatu," akasema. "Ungeniambia siku ile, ningerudi uwanjani." Hakunitukana. Alinishukuru kwa kupiga, akamsalimia mke wangu kwa jina, akaweka simu chini.

Jezi bado ipo kabatini, sijawahi kuivaa wala siwezi kuitupa. Januari hii nimeteremka kwenye sanduku la barua kila siku, na kadi haijaja.

Wewe unayesoma, mdomo utakuponyoka, sote unatuponyoka. Lakini kakiri siku hiyo hiyo, hata kama bosi amesimama pembeni, wakati uliyemkosea bado ana miguu ya kurudia mbio. Mimi nilikiri kwa mwoka mikate.