Gervasi Hatangulii Tena

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Katonga. Dagaa wanaanikwa ufukweni, na Gervasi Dismasi anakagua miguu ya watu. Julius, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Kigoma kutoka Moshi, amekuja na kandambili. Gervasi anamrudisha nyumbani akavae raba, cheo chake hakimtishi.

Ni Jumamosi ya Septemba 1998. Gervasi, 46, huzipandisha familia vilima vya kando ya ziwa kwa shilingi elfu mbili. Wiki asiyopata mteja anabeba magunia bandarini Kibirizi.

Masharti yake hayapungui. Kila mtu abebe maji na kofia. Jirani aambiwe mnakokwenda na saa ya kurudi. Mawingu yakijikusanya upande wa Kongo, mnageuka, hata kama kilele mnakiona. Anayepotea aketi hapohapo, aite. Na mwenye mwendo mdogo kuliko wote ndiye anayetangulia; leo ni Asnath, mtoto wa miaka sita. Gervasi anakuwa wa mwisho.

Aikande, mke wa Julius na mama wa mtoto huyo, anamtania kwamba hajawahi kuona kiongozi anayefuata.

Kwenye njia panda anawasimamisha wote. Anakata tawi lenye majani na kulilaza kwenye njia ya kushoto, iendayo korongoni. Kwa Waha wa huku, njia iliyolazwa tawi haifuatwi. Aliye mbele huwazibia walio nyuma yake.

"Siku ile sikuweka," anasema.

Ilikuwa Novemba 1996, watu wakivuka ziwa kukimbia vita Kongo. Mashua moja iliwashusha watu thelathini na mmoja kwenye majabali, mbali na mji. Gervasi, aliyekuwa akikata kuni jirani, alijitolea kuwavusha kilima. Mvua ilikuwa inakuja. Akatangulia, akakaza mwendo.

Nyuma kabisa alibaki Melania, bibi mwenye goti bovu. Binti yake, Veneranda, alikuwa mbele na watoto wawili, mmoja mgongoni na mwingine mkononi, akiamini mama yuko karibu.

"Njia nilikuwa naijua mimi. Nikasahau kwamba wao hawaijui," anasema Gervasi.

Aliwahesabu walipofika mjini. Walikuwa thelathini.

Alirudi na wanaume wanne, wakaita mpaka sauti zikakauka. Siku ya pili walimkuta korongoni chini ya jabali, amefariki. Viatu vyake alikuwa amevivua na kuvipanga pembeni, kama mtu aliyefika nyumbani kwa watu.

"Veneranda hakunitukana," anasema. "Angenitukana, labda ningepumzika."

Tangu hapo Gervasi hajamtangulia mtu mlimani. Majuto hayo hayajaisha, naye hayafichi.

Veneranda anaishi katika kambi ya wakimbizi na hajawahi kupaona mahali mama yake alipofia. Mara mbili Gervasi amemtumia ujumbe kwamba yuko tayari kumpeleka, na mara mbili hakujibiwa. Mwezi huu, dereva wa lori la mahindi alimletea jibu, na Gervasi analijua kwa moyo: "Nitakuja kabla ya mvua. Utatangulia kama siku ile. Mimi nitakuwa nyuma, alipokuwa mama."

Aikande anamuuliza atafanyaje, ilhali hamtangulii mtu tena.

Gervasi anamtazama Asnath, anayesubiri mbele aruhusiwe kuendelea.

"Nitatangulia," anasema. "Nitaweka tawi. Na kila hatua nitageuka, mpaka aniambie imetosha."